Shangazi wa Mume Wangu na Mita Ambazo Huenda Si Zake

BARUA

Shikamoo Mama Mshauri,

Mimi ni mwanamke wa miaka 34, mkazi wa Ilemela hapa Mwanza, na ni katibu wa kikundi cha watu wanane tunaofanya mazoezi ya kupiga makasia kwa mashine. Kwa wasomaji ambao hawajaiona mashine yenyewe, mtu huketi kwenye kiti kinachoteleza juu ya reli, hufunga miguu kwa mikanda, kisha huvuta mpini uliounganishwa na mnyororo unaozungusha feni, na kioo kilicho mbele yake humwonyesha mita alizokwenda kana kwamba yumo majini. Mwaka huu tulikubaliana kuziunganisha mita za watu wote wanane na kuzifanya safari moja ya kufikirika ya kulizunguka Ziwa Victoria, kutoka Mwanza kwenda Musoma, Kisumu, Jinja, Entebbe, Bukoba na kurudi Mwanza. Kwa hesabu yetu tuliipa safari hiyo kilomita 1,500. Ramani tumeibandika ukutani katika jimu yetu, Kirumba, na kila Jumamosi mimi ndiye ninayeisogeza pini nyekundu kulingana na jumla ya wiki. Tulipofika Musoma tulikula sato pamoja na familia zetu. Sasa tumeipita Kisumu, tunaelekea Jinja ambako Mto Nile unatoka ziwani.

Sheria zetu ni mbili. Ya kwanza, iliyokuwapo tangu mwanzo, ni kwamba kila mtu atavuta mwenyewe mita anazoziandikisha. Ya pili tuliipitisha kwa kauli moja baada ya Musoma, kwa sababu wenzetu wawili walikuwa wamezembea: kila mwanachama afikishe angalau mita 10,000 kwa wiki, na asiyefikisha alipe faini ya shilingi 5,000 na jina lake litajwe kwenye kikundi chetu cha WhatsApp.

Mmoja wa wanachama ni shangazi wa mume wangu, mama mstaafu mwenye umri wa miaka 61. Ndiye aliyeniingiza katika mazoezi haya, na katika ukoo wa mume wangu neno lake halivukwi kirahisi; mahari yangu ilipojadiliwa, yeye ndiye aliyefunga mazungumzo. Ana mashine yake mwenyewe nyumbani kwake Isamilo, kwa hiyo mara nyingi huvuta peke yake, kisha mita zake hupita kwenye simu yake na kuingia katika kumbukumbu zetu, na picha ya kioo huituma kwenye kikundi kama tunavyofanya sote.

Tangu tuanze, Shangazi amekuwa akivuta mita 5,000 kwa kasi ya dakika 2 na sekunde 50 kwa kila mita 500, kwa utulivu wa mivuto 22 kwa dakika, yaani humaliza kwa dakika 28 na ushee. Ghafla ikaja kumbukumbu ya mita 5,000 kwa dakika 20 na sekunde 50, mivuto 31 kwa dakika. Nilidhani ni kosa la mashine. Zikafuata nyingine nne zinazofanana nayo. Katika picha mojawapo, chini kabisa ya kioo, inaonekana ncha ya raba kubwa ya kiume imefungwa kwenye mkanda wa mguu, na juu yake soksi ndefu ya mpira wa miguu. Mjukuu wake, mwanafunzi wa chuo ambaye ni mchezaji mpira, yuko likizo nyumbani kwake. Tena katika kipindi hichohicho Shangazi alimwambia mume wangu kwa simu kwamba mgongo unamsumbua na kwamba daktari amemtaka apumzike.

Hadi hapo ningeweza kunyamaza. Lakini kijana mmoja wa timu yetu, mfanyakazi wa benki, naye ameziona namba. Aliandika kwenye kikundi, "Shangazi, naona umepata miguu mipya," akaweka vikatuni vya kucheka, na watu wawili wakacheka naye. Shangazi hakujibu. Baadaye kijana huyo alinipigia akasema kwamba kama katibu ninatakiwa kulileta suala hili kwenye kikao cha Jumamosi, mita zote za Shangazi zifutwe tangu mwanzo wa safari, na fulana yake ya kumaliza mzunguko isiagizwe. Anasema nikinyamaza nitakuwa ninamlinda mkwe.

Naomba unisaidie, Mama. Je, nimtaje kwenye kikao? Nimtume mume wangu akazungumze naye? Au nizifute mita hizo tano kimyakimya na kumaliza jambo? Usiku silali vizuri, na kila simu yake ikiita naogopa kuipokea.

Katibu mwenye mashaka,
Mwanza

JIBU

Marahaba, Katibu.

Nianze na namba, kwa sababu ndizo zilizokutia hofu, na kwa kuwa mfanyakazi wa benki naye ataanzia hapohapo. Umefanya vema kuziamini. Katika mashine za aina ya Concept2, ambazo ndizo zinazotumika zaidi duniani, kasi haiongezeki kwa kadiri ileile ya nguvu inayotumika. Nguvu hupanda kwa kipeo cha tatu cha kasi. Mtu anayevuta kwa dakika 2 na sekunde 50 kwa kila mita 500 anatoa wati 71 hivi. Anayevuta kwa dakika 2 na sekunde 5 anatoa wati 179. Hiyo ni nguvu mara mbili na nusu. Mtu mzima anayefanya mazoezi kwa bidii anaweza kupunguza sekunde tano au kumi katika miezi kadhaa, na tutampigia makofi. Lakini mwili wa mama wa miaka 61 anayelalamika mgongo haupati nguvu mara mbili na nusu kati ya wiki moja na nyingine.

Atatokea mtu atakayesema kwamba huenda Shangazi alikigusa kidhibiti hewa kilicho pembeni ya feni, kile chenye namba 1 hadi 10, na mashine ikaanza kumpa mita za bure. Hilo usilikubali. Kila unaporudi mbele kujiandaa kwa mvuto mwingine, kioo hupima jinsi feni inavyopunguza mwendo, na kutokana na kipimo hicho hujua hewa inaikaba feni kiasi gani, kisha hukokotoa kazi iliyofanyika kweli. Ukiweka 10 mpini utakuwa mzito, ukiweka 3 utakuwa mwepesi, lakini mita utapewa kulingana na jasho lako. Kwa hiyo ninakubaliana nawe kwamba katika mara hizo tano kulikuwa na mwili mwingine juu ya kiti.

Hapo ndipo ushahidi wako unapoishia, na hapo ndipo wewe na yule kijana mmevuka mpaka bila kujua. Namba zinasema ni mwili wa mtu mwingine. Hazisemi nani aliamua mita hizo ziandikwe kwa jina la Shangazi, wala kama kuna aliyeamua. Umeeleza mwenyewe kwamba mita zake hupita kwenye simu yake. Simu ikishaunganishwa na kioo kwa Bluetooth, na programu ikiwa imefunguliwa kwa akaunti yake, kila atakayeketi na kuvuta ataandikwa kwa jina lake, awe mjukuu, awe mgeni aliyekuja kunywa chai. Mashine haimjui mtu, inaijua akaunti. Katika nyumba zenye mashine moja na vijana wawili watatu, jambo hili hutokea sana, na mara nyingi mwenye akaunti huligundua mwisho wa mwezi.

Utaniambia, "Lakini picha alizituma yeye." Ni kweli, na picha hizo ndizo zinazonifanya nisite kumhukumu. Mtu anayekusudia kudanganya huikata picha. Raba ya namba kubwa yenye soksi ya mpira isingebaki pale chini kwa wiki mbili kama aliyeituma alikuwa na wasiwasi nayo. Ama hakuiona kabisa, ama aliiona akadhani hakuna ubaya wowote, kwa kuwa mashine ni yake, mjukuu ni wake, na safari ni ya wote. Iko pia njia ya tatu, kwamba aliona ubaya wake lakini aliogopa kitu kingine zaidi. Ningekuwa mimi, njia hii ya tatu ndiyo ningeichunguza kwanza, kwa sababu kitu cha kumtisha mnacho, nacho ni ile sheria yenu ya pili.

Itazame sheria hiyo kwa macho ya mama wa miaka 61. Mita 10,000 kwa kasi yake ya kawaida zinamchukua dakika 56 na sekunde 40. Mjukuu wake, au kijana wa benki akiwa na kasi kama ya mjukuu, anazimaliza kwa dakika 41 na sekunde 40. Faini ni ileile kwa wote, lakini yeye anadaiwa robo saa zaidi kila wiki ili asilipe. Juu ya hilo, sheria haina mlango wa ugonjwa. Daktari akisema pumzika, kikundi kinasema lipa. Shilingi 5,000 huenda si kitu kwake, lakini kutajwa jina mbele ya vijana, akiwemo mke wa mwanawe, kwamba ameshindwa, hilo kwa mtu wa heshima yake ni zito kuliko laki moja. Mlitaka kuwabana wavivu wawili, mkatunga sheria ambayo mtu mzima mgonjwa hawezi kuitii kwa unyoofu bila kuaibika. Vikundi vingi vya hapa kwetu, vya upatu na vya mazishi hata vya kwaya, vina ugonjwa huu wa kudhani kwamba faini inatibu kila kitu.

Hata hivyo sisemi kwamba mita hizo ziachwe kama zilivyo. Sheria ya kila mtu kuvuta mwenyewe ndiyo iliyoipa safari maana, kwa kuwa hakuna fedha wala kombe mwisho wake. Kuna pini kwenye ramani na uhakika kwamba watu wanane waliisogeza. Ziwa letu lina historia yake katika jambo hili. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka kwa mashua iliyoitwa Lady Alice, akianzia Kageye kwenye Ghuba ya Speke, si mbali na hapo mlipo. Makasia yalipigwa na Wangwana aliowaajiri mwambao. Safari imeandikwa kwa jina lake, na wengi wetu tuliosoma habari hiyo shuleni hatuwezi kumtaja hata mmoja wa wapiga makasia wale. Kama mjukuu alivuta kilomita 25, basi kijana huyo anastahili jina lake liandikwe mbele ya kilomita 25, na hiyo ni sababu nzuri zaidi ya kusahihisha kumbukumbu kuliko kumkomoa bibi yake.

Sasa nijibu maswali yako.

Usimtaje kwenye kikao. Katibu hutunza kumbukumbu, na akiona kumbukumbu haieleweki, kazi yake ya kwanza ni kumuuliza mwenye nayo. Kuileta mbele ya watu wanane kabla ya kumuuliza ni kuigeuza kuwa kesi, na wewe kuwa mwendesha mashtaka, cheo ambacho hukuchaguliwa kukishika. Ungefanya hivyohivyo hata kama mita zingekuwa za mtu usiye na undugu naye. Kwa hiyo lile neno la kumlinda mkwe lisikutikise. Kumuuliza mtu faraghani kwanza ni haki unayopaswa kumpa kila mwanachama, na kijana wa benki naye ataidai siku namba zake zitakapotia shaka.

Usimtume mume wako. Najua kishawishi ni kikubwa, kwani yeye ni damu yake na angeweza kusema maneno ambayo wewe mke wa nyumba hiyo huwezi. Lakini ukimpeleka yeye, jambo la kikundi linakuwa jambo la ukoo, na Shangazi atajua kwamba mlilijadili chumbani kabla ya kumfikia. Akishafika hapo, hata ukweli ukiwa mdogo ataona ametengwa. Mwambie mume wako unakwenda, kwa sababu si vema asikie kwa wengine, kisha nenda mwenyewe.

Usizifute kimyakimya. Hilo ndilo baya kuliko yote matatu. Siku akifungua jedwali na kukuta jumla yake imepungua, atajua ni nani aliyefanya hivyo, na hatakuwa na nafasi ya kujieleza kwa kuwa hakuna aliyemuuliza. Isitoshe, katibu anayefuta namba bila kumwambia mtu hana tofauti kubwa na mwanachama anayeongeza namba bila kumwambia mtu.

Nenda kwake kabla ya Jumamosi, mchana, wakati mjukuu hayupo. Usipige simu, maana katika simu mtu husikia lawama hata pasipokuwa na lawama. Chukua matunda, kama unavyomtembelea mgonjwa yeyote, kwa sababu kweli ni mgonjwa na sijaona katika barua yako mahali unaposema umekwenda kumjulia hali. Ulizia mgongo na umsikilize mpaka amalize: daktari amesema nini, maumivu yanaanzia wapi, amepewa mapumziko ya muda gani. Usilitoe lile suala mfukoni mara tu mnapomaliza salamu.

Likifika wakati wake, ningeliuliza hivi: "Shangazi, nina kazi ya kulikamilisha jedwali kabla ya kikao. Nimeona mara tano zenye kasi kubwa, nikajiuliza labda simu yako ilikuwa imeunganishwa wakati kijana anafanya mazoezi. Niziandike kwa jina la nani?" Kisha nyamaza. Swali hilo halimtaki akiri wala kukana kosa; linataka jina tu. Kama ilikuwa bahati mbaya ya simu, atacheka na kukwambia. Kama alifanya kwa kuogopa faini, umempa njia ya kusahihisha kwa sentensi moja, na mtu mzima mwenye akili ataichukua. Picha ya raba usiionyeshe. Hata usiitaje. Anayefunuliwa kwa ushahidi hujitetea; anayeulizwa huweza kujibu.

Huenda pia akakasirika na kusema mita ni zake. Ikitokea hivyo usibishane naye chini ya dari lake. Mwambie, "Nimekuelewa, Shangazi, nitaandika kama ulivyosema," na ufanye hivyo, lakini katika jedwali uongeze safu moja itakayomhusu kila mwanachama kuanzia wiki hii: upande mmoja mita zilizovutwa jimuni mbele ya mwenzako au zilizothibitishwa na mashine yenyewe, upande wa pili mita ambazo mwanachama amezitangaza tu. Hata kumbukumbu za mtandaoni za Concept2 hutofautisha matokeo yaliyothibitishwa na yale yaliyoandikwa kwa mkono. Hilo halimtuhumu mtu. Kwa wanaovuta nyumbani, ombeni kila mwenye simu afungue akaunti ya mgeni kwa ajili ya watoto na jamaa, au aizime Bluetooth anapomwachia mtu mwingine mashine. Lakini nikikwambia ukweli, sitarajii ufike huko; mtu aliyenyamaza alipotaniwa mbele ya watu, mwenye tabia ya kusema neno la mwisho, tayari anatafuta mlango wa kutokea.

Akikutajia mjukuu, hesabu zilizobaki ni nyepesi mno ukilinganisha na usingizi uliopoteza. Kilomita 25 katika safari ya 1,500 hazifiki hata asilimia mbili. Ziondoe katika jumla ya kikundi kwa ridhaa yake, ziandike pembeni kwa jina la kijana, kisha watu saba mliobaki mzigawane: ni kama mita 3,600 kwa kila mmoja, kazi ya chini ya nusu saa hata kwa mwenye kasi ndogo. Mnaweza kuzivuta siku moja jioni hapohapo Kirumba, mkipokezana mashine. Pini itakuwa imerudi mahali pake kabla Jumamosi nyingine haijafika. Na kama kijana anaupenda mchezo huu kiasi hicho, mwalikeni awe mwanachama wa tisa kwa kipindi cha likizo, kwa akaunti yake mwenyewe.

Ombi la kufuta mita zote za Shangazi tangu mwanzo wa safari ulikatae waziwazi. Mita za dakika 28 alizovuta yeye, kwa mwili wake, mpaka mkaipita Musoma, hazijatiliwa shaka na mtu yeyote, na hakuna kanuni yenu inayosema kosa la leo linafuta kazi ya jana. Fulana yake iagizwe pamoja na nyingine. Yule kijana wa benki mjibu kwa maneno machache: kwamba umeiona tofauti, unazungumza na mhusika, na kikao kitapewa jumla sahihi ya mita. Mwombe pia aifute ile kauli ya miguu mipya. Simwoni kuwa mtu mbaya. Ni mtu wa mahesabu aliyeona hesabu isiyolingana, na katika hilo hakukosea. Alikosea kumtania mama wa umri ule mbele ya watu kabla ya kujua kama ni mgonjwa.

Kwenye kikao cha Jumamosi peleka jambo moja tu, ile sheria ya pili, na uipeleke bila kutaja jina la mtu. Pendekeza kiwango cha wiki kiwe cha dakika badala ya mita, tuseme dakika 45 za kuvuta, ili mwenye umri mkubwa na mwenye umri mdogo wadaiwe jasho linalolingana. Pendekeza ruhusa ya ugonjwa isiyohitaji maelezo marefu: mwanachama anamwambia katibu, katibu anaandika "mapumziko", basi. Faini, kama mnaipenda sana, ibaki kwa asiyetoa taarifa, na habari ya kutaja majina iondolewe kabisa. Kama kuna atakayeuliza sheria inabadilishwa kwa ajili ya nani, mwambie ni kwa ajili ya yeyote kati ya wanane atakayeugua kabla hamjafika Bukoba.

Limebaki suala la mgongo wenyewe, ambalo katika purukushani hii yote limesahauliwa. Kiuno ndicho kiungo kinachoumia zaidi kwa wapiga makasia, wa majini na wa mashine, na mara nyingi chanzo ni mpangilio mbaya wa mvuto: mtu anaanza kuvuta kwa mgongo kabla miguu haijasukuma, au anajikunja mno anaporudi mbele. Utaratibu unaofaa ni miguu kwanza, kisha kiwiliwili, mikono mwisho. Na kurudi ni kinyume chake, mikono, kiwiliwili, miguu. Shangazi anavuta peke yake Isamilo, hakuna anayemtazama. Asiguse mpini mpaka daktari wake amruhusu, na siku akiruhusiwa, aende kwanza kwa mtaalamu wa mazoezi ya viungo amwangalie anavyoketi. Baada ya hapo aanze kwa dakika chache jimuni kwenu, mmoja wenu akiwa kando yake, kidhibiti hewa kikiwa kati ya 3 na 5, bila kuangalia mita. Kwa wiki hizi za mapumziko mpe kazi ya ramani: yeye ndiye apokee jumla kutoka kwako na kuamua pini inasogea hadi wapi kati ya Kisumu na Jinja. Mwombe hilo siku hiyohiyo utakapokwenda, baada ya kulimaliza lile la jina.